Kituo Nilichokiviringisha Bondeni

Kosa langu kubwa kazini nililifanya kabla sijaajiriwa: niliviringisha kituo cha basi. Nalisema mapema ili nyinyi wadogo zangu wa kidato cha kwanza, mnaokitamani kiti changu kwenye kamati, msije mkadhani nilikipata kwa sababu ya akili.

Kijiji chetu kiko kando ya lami, kati ya Njombe na Makambako, na kimelala kwenye mteremko. Juu kuna zahanati na nyumba chache. Chini, karibu na daraja, ndiko kwetu. Kituo kilikuwa juu. Nikisema kituo msifikirie jengo lenye bati na benchi. Kituo chetu ni bomba la chuma lenye kibao kilichoandikwa KITUO, na bomba limesimikwa ndani ya tairi kuukuu la lori lililojazwa zege. Huruhusiwi kuchimba shimo kwenye hifadhi ya barabara bila kibali. Hifadhi ni ile ardhi ya pembeni ambayo ni ya serikali hata kama mahindi yaliyomo ni ya mjomba wako. Kibali kiliombwa, hakijaja mpaka leo. Ndiyo maana kituo kiliwekwa kwenye tairi, na ndiyo maana kinaviringika.

Jumapili moja, mama yuko kanisani anaimba kwaya na mimi nimejifanya naumwa tumbo, nilipanda juu, nikakiinamisha kituo, nikakizungusha kama unavyozungusha pipa la maji. Kukiteremsha kulichukua muda mfupi kuliko mahubiri. Nikakisimamisha mbele ya kijia cha kwetu, nikakifuta vumbi. Sababu? Usingizi. Asubuhi ya Juni kwetu inauma masikio, na mimi nilitaka nusu saa zaidi ndani ya blanketi. Nilidhani watu watacheka siku mbili, watakirudisha, maisha yataendelea.

Hakuna aliyecheka. Wala hakuna aliyeuliza, na hilo linaniuma kichwa hadi leo. Jumatatu madereva walisimama penye kibao, maana kule juu kwenye kona hukaa trafiki, na gari likisimama pasipo na kibao yeye anaandika faini. Watu wa juu waliona kituo kimehama, wakatikisa vichwa, wakasema, "Ndiyo serikali hiyo," wakateremka kukifuata. Kwenye mkutano wa kijiji mzee mmoja wa huku bondeni alisimama, akavua kofia, akaishukuru serikali kwa kusogeza huduma karibu na wananchi. Akapigiwa makofi. Na mimi nilipiga.

Miezi miwili baadaye manung'uniko ya watu wa juu yalifika kata, na kata ikaunda Kamati ya Ushauri ya Abiria. Kazi ya kamati ya ushauri ni kushauri. Haiamui, haiamuru, hainunui hata msumari. Inakaa, inasikiliza abiria, inaandika, inapeleka kwa wenye uamuzi, nao wanasoma wakipata nafasi. Kiti kimoja kilikuwa cha mwanafunzi. Mkuu wetu wa shule alininyooshea kidole paredi.

"Wewe unayeongea kila ninapoongea mimi. Nenda ukaongee huko."

Ndivyo nilivyopata kazi ya kuchunguza kosa langu mwenyewe.

Siku ya kwanza nilipiga sare pasi, nikafika ofisi ya kata kabla ya saa. Msifanye hivyo. Anayewahi ndiye anayepanga viti. Mwenyekiti alikuwa dereva wa mabasi mstaafu, mzaliwa wa Iwawa kule Makete, ambako baridi yetu inahesabiwa kuwa joto, kwa hiyo vikao aliviendesha madirisha yakiwa wazi. Katibu, mama ambaye ni ofisa wa kata, aliandika akiwa amevaa glavu za sufu. Nilimpa Mwenyekiti shikamoo, akaitikia, akamgeukia Katibu.

"Akidi yetu ni wangapi?" Akidi ni idadi ya wajumbe ambayo bila hiyo kikao si kikao, ni maongezi tu.

"Saba, Mwenyekiti."

"Na tuko?"

"Watano. Wengine wamepiga simu, wako barabarani. Gari halijapita."

Mwenyekiti alivua miwani. "Yaani kamati ya usafiri imekosa akidi kwa sababu ya usafiri."

"Niandike hivyo?"

"Andika 'sababu zilizo nje ya uwezo wa wajumbe'. Ukiandika kama ulivyosikia, watatucheka mpaka mkoani."

Tukaahirisha kwa miezi mitatu. Katika miezi hiyo kazi yote ya kamati ilikuwa kwenye grupu la wasapu, ambako Mwenyekiti alituma picha ya maua kila alfajiri na wajumbe wakajibu "Amina".

Kikao cha pili akidi ilitimia. Barua ya kwanza kusomwa ilikuwa ya Yusta, na hapo ndipo mzaha ulipoisha, ingawa sikuuzika siku hiyohiyo. Yusta anasoma darasani kwetu, anakaa dawati la mbele yangu. Mguu wake wa kushoto ulivunjwa na pikipiki alipokuwa shule ya msingi, ukaunga vibaya, anatembea na fimbo. Nyumba yao iko juu, mkabala na zahanati. Zamani alitoka mlangoni akawa kituoni. Sasa anateremka mlima mzima asubuhi na kuupanda jioni, na mvua ikinyesha ule udongo mwekundu unateleza kama umepakwa mafuta. Gari halimsubiri mtu, sembuse mwanafunzi, ambaye konda anamwona kama mzigo usiolipa. Kwa hiyo Yusta anachelewa, na anayechelewa anasimama nje kipindi cha kwanza. Barua ilimalizia kwamba baba yake amesema muhula ukiisha abaki nyumbani mpaka mguu upate nguvu. Kila mtu kwetu anajua maana yake. Mguu ule una miaka sita unatafuta nguvu.

Naapa, siku naviringisha lile tairi sikumfikiria Yusta hata kidogo. Sisemi hivyo kujitetea. Ndiyo aibu yenyewe.

"Kituo kilihamishwa kwa barua ipi?" Mwenyekiti aliuliza.

Katibu alifungua faili, akafunua, akafunua tena. "Hakuna barua, Mwenyekiti."

"Hakuna?"

"Hakuna. Na kama hakuna barua ya kukihamisha, kiutaratibu hakijahamishwa."

"Lakini kimehama. Mimi mwenyewe nimekiona bondeni."

"Umekiona kwa macho, Mwenyekiti. Kwenye faili kipo mahali pake."

"Basi tuandike barua ya kukirudisha."

"Barua ya kurudisha lazima itaje kumbukumbu namba ya barua iliyohamisha. Tusipoitaja, wilaya watatuuliza, mnarudisha nini?"

Upepo uliingia dirishani ukapindua karatasi. Wajumbe kumi walikodoa macho kwenye faili wakiitafuta barua ambayo mimi peke yangu nilijua kwa nini haipo. Nilitazama dari. Muhtasari wa siku hiyo unasema: "Kamati ilijadili kwa kina na kuazimia kwamba suala liendelee kufuatiliwa." Muhtasari ni kumbukumbu iliyoandikwa ya kikao. Kuna vitu vingi ndani yake, ila kinachotokea baada ya kikao hakimo.

Ufuatiliaji ukanipeleka Makambako. Hicho ndicho kilikuwa kituo changu cha pili cha kazi, na kilidumu siku moja. Mwenyekiti alitaka kuwahoji madereva stendi, akanichukua mimi niandike. Upepo wa Makambako mnaujua. Karatasi yangu ya maswali niliikimbiza mpaka kwenye karanga za mama mmoja, akanitukana kwa heshima. Dereva wa kwanza tuliyempata alimjua Mwenyekiti tangu enzi zake.

"Mzee, wewe dereva mwenzetu," alisema. "Mimi nasimama penye kibao. Kiwekeni juu ya mti, nitasimama chini ya mti."

"Huoni tabu kusimama bondeni, gari limejaa, halafu upande mlima?"

"Naona tabu sana! Pale natia gia ya kwanza mpaka injini inalia."

"Mbona hukulalamika?"

"Nimlalamikie nani? Nilidhani nyie ndio mmekiweka."

Mwenyekiti alinitazama, mimi nikatazama karanga. Tulipofika kijijini aliniambia, "Mjumbe wa wanafunzi, nimeendesha basi miaka thelathini. Sijawahi kuona kituo kinachotembea kwa miguu yake. Kuna mtu anajua." Nilisema naumwa tumbo. Sina ugonjwa mwingine.

Wiki iliyofuata nilitoka shule pamoja na Yusta. Gari lilitushusha bondeni, mimi mlangoni kwetu kabisa, yeye akaweka fimbo chini akautazama mlima.

"Kamwene, mheshimiwa," alinitania kwa salamu ya kwetu, maana tangu niwe mjumbe ananiita mheshimiwa. "Barua yangu imefika wapi?"

"Inafuatiliwa."

"Na nani? Na konokono?"

"Yusta, haya mambo yana utaratibu."

"Najua. Na mimi nina utaratibu. Hatua ishirini, napumzika. Hatua ishirini, napumzika. Zimebaki wiki tatu muhula uishe, basi. Baba ameshamwambia shangazi."

"Amemwambia nini?"

"Kwamba nitakaa naye dukani." Akaanza kupanda. Nilihesabu zile hatua ishirini nikiwa nimesimama kama yale maboga yanayoachwa shambani.

Jumapili nikaugua tumbo tena. Nilikishika kituo, nikakiinamisha, nikasukuma. Wadogo zangu, zege halina ushirikiano na mtu anayepanda. Nilisogea hatua tano, likanirudisha tatu. Nilikuwa sijafika hata robo ya njia, jasho linanitiririka kwenye baridi ile, nikasikia, "Hee! We mtoto! Unaiba mali ya serikali?" Alikuwa yule mzee wa kuvua kofia. Alinifukuza na bakora mpaka darajani, kisha akakirudisha kituo bondeni kwa mikono yake miwili, akakinyoosha vizuri, akakiwekea na jiwe kisiondoke. Nilitaka kulia. Nilipokosea nilipigiwa makofi. Nilipotengeneza nikakimbizwa kama mwizi wa kuku.

Ndiyo nikafika kikao cha tatu, ambacho Mwenyekiti alikiita mapema kwa ajili ya Yusta. Niliisubiri ajenda ya mwisho, mengineyo, ambayo ni kapu la kila kitu kisicho na mahali. Nikanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, ile barua haitapatikana. Kituo nilikihamisha mimi."

"Wewe kama nani?" aliuliza Katibu, kalamu hewani.

"Kama mimi. Nilikiviringisha. Jumapili."

"Kwa mamlaka ipi?"

"Kwa usingizi, mama."

Nje mbuzi wa mtendaji aliendelea kutafuna. Mjumbe mmoja akasema nipelekwe polisi, mwingine akasema nipelekwe kwa mchungaji. Mwenyekiti aliinuka, akafunga dirisha. Nilikuwa sijamwona akifunga dirisha hata siku moja.

"Tangu Makambako nakungoja," alisema. "Haya. Katibu, mpe karatasi. Mjumbe, andika barua ya kuhamisha kituo. Nani, lini, kwa nini. Saini. Katibu ataipa kumbukumbu namba, halafu tutaandika ya kurudisha, tukitaja hiyo."

"Inaruhusiwa, Mwenyekiti?" Katibu aliuliza.

"Hakuna kifungu kinachokataza. Nimekitafuta usiku kucha."

Nikaandika. Ndugu Mwenyekiti, husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilihamisha kituo bila kibali kwa sababu nilitaka kulala. Chini Katibu aliniamuru niongeze nakala, yaani watu wengine wa kupelekewa barua hiyohiyo wajue: Katibu, Mkuu wa Shule, Mzazi. Hilo la tatu nililiandika kwa herufi ndogo kuliko mengine.

Kwa uchungu wangu wote na kamati ile, nakiri barua hizo mbili zilifanya kazi. Jumamosi trekta la jirani lilikipandisha kituo, nyuma yake kundi zima la wajumbe wakisimamia kwa kunyoosha vidole. Jumatatu gari lilisimama juu, Yusta akapanda wa kwanza, akakaa siti ya dirishani. Baba yake alimpigia shangazi simu kwamba ile safari imeahirishwa. Mkuu wa shule alinipa kisiki cha mkaratusi nikingʼoe, na mizizi yake naamini inafika Mdandu. Mwenyekiti naye aliniambia kwamba kanuni za kamati hazina kipengele cha kumfukuza mjumbe, kwa hiyo ninastaafu.

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Kama mnataka ushauri wa mstaafu, ni huu: mkikuta kitu cha umma kimehama, ulizeni. Ulizeni siku ileile, hata kama mtaonekana wajinga. Mtu mmoja angeuliza Jumatatu ile, ningekiri kabla ya mapumziko ya chai, na Yusta asingepanda mlima ule hata wiki moja. Nanyi mnaoketi kamatini, msiingoje mengineyo. Mimi niliingoja kwa sababu ilikuwa ya mwisho, na nilitaka kukiri kwangu kuwe jambo la mwisho kabisa.

Mama alipokea nakala yake kwa mkono wa Katibu, kanisani, mbele ya wanakwaya wote wa sauti ya pili. Alirudi nayo nyumbani, akaketi jikoni, akaisoma mara mbili bila kusogeza sufuria iliyokuwa inaungua. Nilisimama mlangoni nikisubiri mwiko. Kisha akaikunja, akaiweka mapajani, akasema:

"Festo, umeandika vizuri. Mwenyekiti umemwandikia, Katibu ana nakala, mwalimu ana nakala, na mimi mama yako nina nakala. Aliyepanda mlima ni Yusta. Nakala yake iko wapi?"