Gauni Jeupe la Kumngojea Bwana

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu na maneno nitakayokosea. Shule niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito. Barua fupi kama hii inanichukua siku nzima. Lakini Pasaka hii nilikwenda Igalula, kijijini kwa marehemu bibi, na tangu nirudi hapa Isevya nimekosa mtu wa kumweleza. Mbele ya watu naona haya. Kwenye karatasi naweza kidogo.

Bibi alinilea mimi na mdogo wangu karibu na reli, baada ya mama kufa. Nikifumba macho harufu ya nyumba inarudi: moshi, michembe ya viazi vitamu vikavu inayochemka, karanga zilizotwangwa. Jioni mdogo wangu alijaza mtungi, mimi nilifagia uwanja mpaka mistari ya ufagio ionekane. Nilipouliza kwa nini tufagie giza likiingia, bibi alisema, "Bwana akija asikute takataka." Kisha alivuka njia kwenda kwa jirani, ambaye mbuzi wake walikula mahindi yetu, akapatana naye kabla ya kulala. Kesho yake mbuzi walirudi, na jioni bibi naye alirudi kupatana.

Chumbani lilining'inia gauni lake jeupe, limenyooshwa kwa pasi ya mkaa. Alilivaa alfajiri ya Pasaka tu, sisi Wamoravian tunapokwenda makaburini kungojea jua, na yule jirani alipuliza tarumbeta katikati ya misalaba. Nilishika mkono wa bibi nikiutazama udongo wa kaburi la mama. Bibi alikuwa ameniambia nikikaa tayari nitamwona mama akifufuka, na kila mwaka nilikuwa na hakika ni mwaka huo.

Alfajiri moja ya mvua, wala si Pasaka, honi ililia ndefu kuliko kawaida. Bibi akatuamsha. "Nawa uso, tarumbeta hiyo." Akavaa gauni, tukasimama watatu uwanjani tukitazama mashariki. Kumbe ni treni ya mizigo, ng'ombe wamelala relini. Jirani akatoka na mswaki mdomoni.

"Shemeji, umependeza. Umeachwa na Bwana au umeachwa na treni?"

"Cheka tu, shemeji. Siku yenyewe utakuwa unatafuta suruali."

Tulicheka mpaka kukapambazuka, tukala michembe kwa asali. Sijawahi tena kujisikia tayari kama asubuhi ile.

Halafu bibi akaanza kusahau. Alisahau chumvi, akasahau jina la mdogo wangu. Gauni hakulisahau; kila honi ikilia alilivaa. Siku moja nikimfunga vifungo vya mgongoni aliniuliza taratibu, kama anaongea na mgeni, "Mwanangu, tumevaa tunakwenda wapi?" Nikamwambia tunamngoja Bwana. Akafikiri sana. "Simjui," akasema, akaomba uji. Alikufa mchana, amevaa khanga yake ya jikoni, na hakuna treni iliyopita. Alizikwa kwa sanda ya dukani. Gauni nikabaki nalo mimi.

Pasaka hii nilikwenda nalo. Jirani naye ameshakufa, nikalala kwa mjane wake. Ng'ambo ya njia nyumba yetu imeanguka upande mmoja, na uwanja umeota majani mpaka mlangoni. Nilisimama pale jioni, sikutafuta ufagio.

Alfajiri honi ililia. Gauni lilikuwa kwenye kiti, mkono ungelifikia. Nikasikia watu wakipita na taa, wanaimba, wanakwenda makaburini. Mjane akaniita mlangoni, akaniita tena. Nikajifanya nimelala. Sikuogopa kuchekwa. Niliogopa kusimama pale kaburini, jua litoke, udongo ukae vilevile, na mimi nisishangae.

Mdogo wangu hapendi niyaseme haya. Wengine waliojua kufagia kwa sababu ile wako chini ya misalaba. Kama kwenu yupo mtu anayefagia hivyo bado, niandikieni, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Mniambie mtu akishaacha kungoja huwa anaanzaje tena, au kama huwa haanzi, mniambie hivyo.