Blanketi la Mabaki ya Yunifomu

Sikujifunza kushona kwa sababu ya mapenzi. Nilijifunza ili nimwaibishe mwanamume mmoja, mume wa mdogo wangu.

Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nikikaa Mashimoni, Kibera, nikifulia watu nguo katika mitaa ya wenye nazo. Mdogo wangu alikuwa ameolewa Kabiro, kule Kawangware, na alikuwa na mimba ya miezi sita. Mumewe alikuwa tarishi katika ofisi moja ya mjini. Kupeleka bahasha si aibu. Mimi mwenyewe nilifua chupi za watu nisiowajua. Lakini yule bwana alipeleka bahasha amevaa tai. Alibeba brifkesi pia, na siku moja alipoenda chooni niliifungua. Ndani mlikuwa na gazeti la wiki iliyopita, kitana na ndizi. Mtu mzima! Na akizungumza, kila sentensi ilianza na "sisi watu wa ofisi."

"Mtoto wangu hatalala kwa mitumba," alituambia Jumapili moja, amenyoosha miguu chumba kizima. "Nitamletea vitu vipya, vya dukani."

Mwezi ukaisha. Alicholeta ni redio ya kaseti na kioo kikubwa cha kujitazamia. Mtoto hakuwa na hata soksi. Nilimuuliza mdogo wangu atamfunika mtoto na nini, akainamisha kichwa. "Amesema ataleta." Nikamdharau yeye pia, kwa kuamini. Baridi ya Julai ilikuwa njiani, na baridi ya Nairobi haingoji mtu alete.

Nikaamua nitashona blanketi mwenyewe, nilipeleke mbele ya watu, nione huyo bwana atauficha wapi uso wake. Na mimi nilikuwa sijawahi kushona hata kifungo kikakaa.

Karibu na kibanda cha maji pale Mashimoni palikuwa na fundi wa nguo, mama wa kutoka Machakos, mwembamba, asiye na maneno mengi wala mazuri. Alishona yunifomu za shule, na mabaki aliyashindilia kwenye gunia chini ya cherehani. Nilipomwomba hayo mabaki na anifunze kazi, alinishika mkono akaugeuzageuza kama anayechagua samaki.

"Huu mkono ni wa kufua," alisema. "Sindano itakucheka."

"Wacha inicheke."

"Sawa. Lakini ukinivunjia sindano, uende na usirudi."

Alinikatia kipande cha boksi, mraba wa upana wa kiganja, kiwe kipimo changu. Nikakata kijani, maruni, kijivu na buluu, nikijiambia kwamba kukata miraba ni kazi ya mjinga yeyote. Baada ya wiki moja nilijua mjinga ni nani. Kitambaa kiliteleza chini ya mkasi, na kuna mraba mmoja ambao mpaka leo naapa ulikuwa na pembe tano. Nilipoviunga vipande, mstari ulioanza ukielekea Kibera uliishia Limuru.

Fundi akanipa wembe. "Fumua."

Nikafumua, nikashona tena. Akatazama. "Fumua." Mara ya tatu hakutazama hata, alisikia tu jinsi cherehani ilivyolia mguuni mwangu, akasema, "Fumua." Akina mama waliopanga foleni ya maji wakalifanya neno hilo salamu. "Niaje, Fumua?" walinirushia wakipita na mitungi yao, na mimi nikawajibu vibaya, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyejua kushika sindano.

Siku ya kuunganisha matabaka, yaani vipande juu, blanketi kuukuu katikati na flaneli chini, nilikaa sakafuni tangu asubuhi nikishona kwa mkono. Nilipomaliza nikasimama kwa maringo, na blanketi likasimama pamoja nami. Nilikuwa nimelishonea kwenye sketi yangu. Fundi alicheka mpaka akaegemea cherehani. Ndiyo mara pekee niliyowahi kumwona akicheka, na sikumsemesha kwa siku mbili.

Mwishowe likawa blanketi. Upande mmoja ulizidi mwingine na pindo lilijikunja kama sikio la mbwa, lakini lilikuwa na joto, na kwa mbali rangi zilipendeza. Nilingoja Jumapili, siku ambayo nilijua bwana mkubwa atakuwa na wageni, nikalikunja nikalibeba kwa miguu, nikafuata barabara ya Ngong hadi Dagoretti Corner, nikakata kuelekea Kawangware.

Nilimkuta na wanaume wawili, wenzake wa kazini. Nikamkabidhi mdogo wangu blanketi mbele yao.

"La mtoto," nilisema kwa sauti ya kusikika nje. "Kwa vile vya dukani bado havijafika."

Wageni wakatazama viatu vyao. Shemeji akalichukua, akaligeuza upande wa nyuma, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, polepole, mpaka mwisho. Kisha akacheka.

"Hii ni blanketi ama ni paredi ya shule? Shem, huyu mtoto atazaliwa akiulizwa yuko darasa gani."

Wageni wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka, kidogo, mkono mdomoni. Kicheko cha wale wengine ningekimeza, lakini si hicho. Nilitoka bila kuaga.

Sikukanyaga Kabiro kwa wiki tatu, mpaka niliposikia amejifungua msichana. Nikachagua kwenda Jumanne mchana, saa ambayo wenye tai huwa mjini. Mlango haukuwa umefungwa. Mdogo wangu alikuwa amelala kitandani na mtoto ubavuni. Na kwenye stuli, amevaa vesti tu, alikuwa mumewe, blanketi langu magotini. Alikuwa amefumua upande wote uliopinda na alikuwa akiushona upya. Sindano iliingia na kutoka bila yeye kuitazama, na mishono ilikuwa midogo na sawasawa kama punje za mchele. Nilikuwa nimetukanwa na fundi mwezi mzima. Mkono wa fundi nikiuona naujua.

"Umejifunzia wapi?" nikamuuliza.

Alishtuka, akataka kulificha nyuma yake.

"Mzee wangu alikuwa fundi," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini asimwamshe mkewe. "Kwa veranda ya duka, huko nyumbani. Nilishona na yeye mpaka nikakuja Nairobi." Akakata uzi kwa meno. "Walitupunguza kazini, shem. Huu ni mwezi wa pili."

Mwezi wa pili! Basi hata Jumapili ile hakuwa na kazi. Akakiri kwamba kila asubuhi alivaa tai akaenda kukaa kwenye nyasi mjini, na wale wenzake ndio aliokuwa akikaa nao. Huruma ilinijia, sitadanganya, lakini haikukaa. Mvivu ningemwelewa. Huyu alijua kazi, mkono wake ulikuwa bora kuliko wa fundi wangu, na aliacha mwanawe azaliwe bila kofia kwa sababu aliionea haya sindano.

"Tafadhali," alisema, "usiambie mtu."

"Siambii."

Nilimwambia kila mtu. Nilianzia kwenye mfereji wa kuchotea maji pale pale Kabiro, kwa akina mama wa jirani zake. "Yule wa tai? Ni fundi wa nguo, anajificha tu." Nilicheka nikisema, nikitaka wamcheke kila akipita.

Hawakucheka. Walikuwa na suruali zilizoraruka. Kesho yake mmoja alimpelekea kaptura ya mtoto isiyo na zipu, na mwingine rinda la kupunguza kiuno. Kabla ya Krismasi alikuwa amekodi cherehani na kukaa nje ya mlango wake, na watu walitoka hadi Kangemi kumtafuta.

Mdogo wangu alikuja Mashimoni kunieleza hayo yote, mtoto mgongoni.

"Angekufa na hiyo siri," alisema. "Wewe ndiye ulimfungulia njia, dada. Mungu akubariki."

Alinitazama kwa macho ya mtu anayeamini anachosema. Ningeweza kumweleza nilichokusudia siku ile pale mferejini. Nilisema amina, nikampokea mtoto.