Mzee Heche Juu ya Kichuguu

Bibi Veronika wa Nkende alikuwa na picha moja tu ya marehemu mumewe inayotembea. Ilikuwa ndani ya sidii ya harusi ya mwanawe Ezra, na kila Jumapili baada ya kanisa aliitazama kwenye televisheni yake ya kichogo. Sisi majirani tulidhani anapenda harusi. Kumbe alikuwa anamtazama mzee.

Siku ile ya harusi mumewe, Mzee Heche, alisimama mbali, tena kwa heshima. Kwetu Wakurya baba mkwe hamsogelei mke wa mwanawe ovyo. Kwa hiyo Neema, bibi harusi, alipozungukwa na akina mama uani, mzee alipanda kichuguu nyuma ya zizi akawa anatazama kutoka huko, na koti lake na gambuti zake. Mpiga video alimnasa bila kukusudia, juu kabisa ya picha, na kuna mahali mzee anacheka mpaka pengo la jino linaonekana. Hapo ndipo Veronika alipokuwa anasogeza kigoda. Picha nyingine hakuwa nayo, maana mzee akiona kamera alikuwa anageuka, na ile ya kitambulisho ilishafifia.

Ezra ni dereva wa kambi ya watalii huko Natta. Si mtu mbaya, na mama yake anampenda. Mwaka jana akamletea televisheni kubwa ya flati ya ukutani. Sidii ilipowekwa, picha ikakaa katikati, weusi ukabaki huku na huku. Jirani yetu Werema, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akasema, "Ezra, umejenga vyumba vitatu unalala kimoja?" Watu wakacheka.

Ule weusi haukuwa ubovu hata kidogo. Video za zamani zilikuwa na umbo linalokaribia mraba, na vioo vya sasa ni vipana. Ukiweka ya zamani humo, ama uache nafasi pembeni, ama uivute watu wote wanenepe, ama uikuze mpaka juu na chini vikatike. Na huo ung'avu wanaouita HD hauongezi kitu ambacho kamera ya zamani haikukiona. Kuuliza si ujinga, lakini Ezra alikuwa ameshachekwa, na mwanamume wa kwetu akishachekwa haulizi tena.

Akaipeleka sidii studio moja mjini Mugumu, akataka picha ijae kioo chote. Wakamjazia, wakamtilia kwenye flashi. Sidii yenyewe ilikuwa imekwaruzika, akaitupa.

Jumapili akatuita. Neema akajaa ukutani na shela lake, tukapiga vigelegele. Veronika alikuwa kwenye kigoda, anasubiri. Kipande chake kilipofika, zikaonekana gambuti mbili juu ya kichuguu. Kuanzia magotini kwenda juu, picha ilikuwa imeisha.

"Rudisha," akasema.

Ezra akarudisha. Zikaja gambuti zilezile.

"Baba yako yuko wapi?"

Ezra hakuelewa mara moja. Miaka yote hiyo alikuwa anajitazama yeye na mke wake. Alipoelewa, aliweka rimoti chini na hakuweza kumtazama mama yake. Nilimwonea huruma, na hasira pia nilikuwa nayo.

Kesho yake alikwenda kwa Hamidu, fundi wa video, akamwomba airudishe sehemu ya juu. Hamidu alikagua flashi, akasema, "Ndugu yangu, kilichokatwa humu hakimo. Sidii ingekuwepo, ningekutolea nyingine sasa hivi." Ezra akakimbilia Mugumu, akakuta studio walishafuta nakala yao. Akarudi kupekua jalala, lilishachomwa. Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki, ila hawakusema mwenye kiu afanyeje.

Veronika hakumgombeza. "Acha, mura mwanangu," alimwambia, "ulitaka kunifurahisha." Afadhali angemtukana.

Juzi nilikwenda kwake kuazima ungo. Televisheni ilikuwa imezimwa. Akanikaribisha, tukaongea habari za mvua, kisha akauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Mama Precious, wewe ulimjua mzee. Alipokuwa anacheka, lile pengo lake lilikuwa upande gani?"

Nikafikiri sana. Nikamwambia ukweli, kwamba sikumbuki.

"Hata mimi," akasema.