Umekunywa?

Nichekeni tu. Asubuhi, kabla ya kutoka Jinja, nilikunywa kidonge changu cha presha, kile chenye dawa mbili, moja ya kukojoza. Karibu na Mbale wanajeshi wakatushusha kwenye basi. Mmoja akashika kichupa changu cha vidonge.

"Mzee, umekunywa?"

Nikadhani anauliza pombe. "Hapana, afande! Sijakunywa kabisa!"

"Mama yangu pia iko na presha. Kunywa sasa."

Miaka ile, uongo mdogo kwa mwanajeshi ulitosha kukupoteza, nami nilishasema sijakunywa. Nikameza cha pili.

Walitupekua, tumechuchumaa, hadi jua likawa utosini. Nilipoambiwa nisimame, kichwa kikazunguka, nikaanguka, suruali ikalowa mbele ya abiria wote.

Yule mwanajeshi akaniinamia na bunduki yake. "Mzee, sema kweli. Umekunywa?"

"Mara mbili, afande."