Nilizima Onyo la Chipu, Sauti ya Marehemu Ikapotea

Kosa ni langu, msinitafutie huruma. Mjinga mwenye majivuno ni hatari kuliko mwizi, na mjinga huyo ni mimi!

Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, nilitengeneza kinasa sauti cha kanisa kwa chipu za kumbukumbu nilizozing'oa kwenye simu mbovu. Programu ya kuziendesha niliandika mwenyewe. Jamani, nilivyojisikia! Mafundi wengine wote nikawaona wapiga solda tu.

Hajji, fundi wa Mbarara aliyenipa simu hizo, alinionya kwamba chipu imegawanyika bloku bloku, na kila bloku huchoka kwa kuandikwa na kufutwa.

"Bloku ikichoka, wewe naandika kwa orodha, nafunga, napeleka sauti kwa bloku ingine," akasema. "Programu yako nafanya hiyo?"

Nikamcheka. Mtu asiyejua kuandika hata mstari mmoja wa programu anifundishe mimi?

Baadaye kinasa kikaanza kulia mbele ya waumini na kuonyesha onyo: kuandika kumeshindikana. Aibu! Badala ya kuifunga bloku mbovu, nikaufuta mstari wa onyo kwenye programu. Tangu hapo taa ya kinasa ikawaka kijani kila mara, kana kwamba sauti yote imehifadhiwa, nikapigiwa makofi. Mpumbavu mkubwa!

Kisha jirani yangu Mama Neema, mtu wa Fizi, Kongo, akamleta mama yake mgonjwa nimrekodi. Bibi alizungumza saa nzima: majina ya ukoo, nani kazaliwa na nani, makaburi waliyoyaacha, baraka kwa wajukuu. Taa ikawaka kijani. Sikurudia kusikiliza. Bingwa ahakikishe nini?

Wiki iliyofuata bibi akafariki. Siku ya kuondoa matanga ukoo ulikusanyika, wajukuu wakakaa mbele. Nikabonyeza. "Mimi ni binti wa..." Halafu mkwaruzo, halafu kimya mpaka mwisho.

"Sauti ya mama iko fasi gani?" Mama Neema akauliza. "Ulisema mashini inashika yote. Batoto batajua bako ba nani?"

Nikajibu, betri ilikuwa mbovu. Betri! Hata mbele ya wafiwa nikajitetea kwa uongo. Najidharau, wallahi, kuliko mnavyoweza kunidharau.

Ninyi mnaojiita wataalamu, onyo likiwaaibisha, acheni liwaaibishe. Bloku iliyochoka ifungeni, na mkikosea semeni siku hiyohiyo, maana mimi sijasema mpaka leo.

Jana Mama Neema alikuja kwangu na betri mpya mkononi, akaniomba tujaribu tena.