Masikio ya Fundi wa Visu

Kabla slasha ya trekta, mashine ya kufyekea nyasi, haijaletwa, mume wangu alikuwa ananoa visu vya kupogolea chai katika gereji ya shamba letu, upande wa juu wa Kericho. Mimi nilikuwa mchumaji. Mashine ilifika juu ya lori, imefungwa kwa kamba: bati kubwa la chuma kama meza iliyofupishwa miguu, na chini yake visu viwili vinene vya kuzunguka. Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea mwisho. Wanaume waliokuwa wakifyeka kwa mkono walikuja kuitazama, wakaizunguka, wakarudi kazini.

Meneja Mzungu alimwita mume wangu akamwonyesha vile visu. "Hii iko kazi yako sasa," alimwambia.

Jioni hiyo mume wangu hakula vizuri kwa furaha. Alinieleza kila kitu mara mbili.

Trekta ilipitisha mashine hiyo kando ya barabara za shamba na katikati ya mikaratusi ya kuni, mahali ambapo nyasi na vichaka vilirudi upesi kwa sababu ya mvua yetu ya kila alasiri. Huko chini kulijaa mawe na visiki, kwa hiyo visu viliumia sana. Kila mara mume wangu alipandisha mashine kwa jeki, akaiwekea magogo chini isije ikamlalia, akafungua bolti na kuvitoa. Kilichopinda alikinyoosha kwa nyundo juu ya chuma. Kisha alivipeleka kwenye jiwe la kunolea lililozungushwa na injini, na kelele yake ilisikika mpaka kwenye laini, zile nyumba zetu za wafanyakazi.

Kazi ya mwisho mara nyingine aliileta nyumbani. Aliketi mlangoni na tupa, na mimi nikipika nilimwona akining'iniza mti ulionyooka kwa kamba, kisu kimoja upande huu na kingine upande ule, akitazama upi unashuka. Kisu cha upande ulioshuka alikipiga tupa kidogo, akatazama tena.

"Mbona huvifanyi vikali kabisa?" nilimuuliza siku moja.

"Vikiwa vyembamba vitameguka kwenye jiwe," alisema. "Makali si kitu. Kitu ni uzito. Kimoja kikiwa chepesi, mashine inatetemeka. Ikitetemeka, bolti inalegea. Bolti ikilegea, kisu kinatoka chini ya bati kama risasi, na huwezi kujua kitakwenda kwa mguu wa nani."

Alikuwa na masikio mazuri siku hizo. Trekta ikiwa mbali kwenye mikaratusi, yeye alisimama mlango wa gereji akainamisha kichwa, halafu akaniambia jioni kwamba kisu kimoja kimegonga kisiki. Kesho yake mashine ikiletwa, kweli unakuta pengo kwenye makali.

Sijui yalianza kuharibika lini. Binti yetu alipozaliwa, alilia usiku kama watoto wote, na baba yake hakugeuka kitandani. Nilidhani ni uchovu. Kisha ikaja asubuhi moja ya mvua kubwa, mvua iliyopiga mabati usiku kucha hata tukashindwa kuongea na majirani. Alifungua mlango, akaona matope yamefika kizingitini, akaniuliza, "Mama, kulinyesha?"

Nilimtazama nikaona hatanii.

Tulikwenda kwa dresa wa zahanati ya shamba. Alimwangalia masikio kwa taa, akampigia kengele ndogo nyuma ya kichwa, akaiweka chini. Alizungumza na mimi, si na yeye.

"Hii ni kelele ya lile jiwe na nyundo. Haina dawa. Aache ile kazi, labda atabaki na kidogo."

"Akiacha tutalala wapi?" nilimuuliza.

Dresa alijua jibu kama mimi. Nyumba ilikuwa ya kazi. Katika laini yetu palikuwa na mtu aliyekatwa vidole na mashine kiwandani, na kabla kidonda hakijakauka vizuri familia nyingine ilikuwa imekwisha kuingiza vyungu vyake mle ndani. Dresa akafunga sanduku lake. "Basi mimi sikuwaona leo," akasema.

Tukaanza kuficha. Gereji yenyewe ilitusaidia, maana pale kila mtu alipiga kelele na kuonyesha kwa mikono, na asiyejibu alihesabiwa tu kuwa ameshughulika. Tatizo lilikuwa visu. Hakuweza tena kusikia kama kazi yake imekaa sawa.

"Wewe uko kule juu mchana kutwa," aliniambia. "Sikiliza, uniambie."

Shamba nililochuma lilipakana na mikaratusi. Nikawa nachuma huku sikio liko kwa trekta. Mwanzoni sikujua nisikilize nini. Kwangu yote ilikuwa ngurumo. Jioni nilimwambia, "Ilikuwa inalia tu," naye akakasirika. Polepole nikatambua kwamba chini ya mlio wa trekta kulikuwa na mlio mwingine mwembamba, na visu vikiwa sawa mlio huo unakwenda kama uzi. Visipokuwa sawa, unarukaruka. Kuta za laini zilikuwa nyembamba na sikuweza kumpigia kelele, basi nilishika mkono wake nikaupigapiga kwa kiganja jinsi nilivyosikia. Alifumba macho. "Tena," alisema. Nikapiga tena. Ndipo aliposema, "Hiyo ni kisu," au, "Hiyo ni bolti." Mara nyingi ilikuwa hivyo.

Nakumbuka nilijivunia jambo hilo kwa muda. Halafu nikachoka. Maneno yetu mengine yalikuwa yameisha. Habari za jirani, za binti yetu kuanza kusimama, za nyapara aliyekataa majani yangu kwa sababu yana mabua, zote zilihitaji sauti kubwa, na sauti kubwa ingetufichua. Nikaziacha. Jioni tukawa tunaongea visu tu.

Mama yangu alikuwa anaishi Merigi, kwao mume wangu pia, ila ng'ambo ya mto. Siku moja mpwa wangu alinifuata katikati ya chai, amelowa mpaka kiunoni, akaniambia mama amefariki na wameshamzika. Nilimaliza mistari yangu. Sikujua la kufanya isipokuwa kuchuma. Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa ameketi akinisubiri. Nikakaa karibu naye, nikashika mkono wake nianze kumwambia, na machozi yalipokuja nikawa naupigapiga ule mkono bila kujua.

Alifumba macho akasikiliza. "Polepole," alisema. "Ni bolti?"

Nililia mpaka akafumbua macho akaniona. Ilibidi niandike kwa kidole kwenye majivu, kwa herufi chache nilizofundishwa kanisani: MAMA. Aliyasoma majivu. Akavua koti lake akanifunika, tukakaa hivyo bila chakula. Hata hivyo kesho yake jioni aliniuliza mashine ililiaje. Nikamwambia.

Mvua za masika zilipokaribia kwisha, trekta ilikuwa ikifyeka katikati ya mikaratusi, chini kidogo ya mahali tulipokuwa tukichuma. Nilisikia ule uzi unakatika. Haukurukaruka kama nilivyouzoea. Ulikuwa unagonga, ukinyamaza, ukigonga. Dereva, mtu wa Kisii mpole sana, aliendelea tu, kwa kuwa juu ya kiti ngurumo ya injini inafunika kila kitu. Mbele yake barabarani wanawake walikuwa wanakuja na vikapu kupima majani.

Nikatupa kikapu changu. Nyapara akaita, "Wewe mama, unakwenda wapi?" Sikumjibu. Nilishuka kati ya miti ya chai, nikichanwa miguu, nikasimama barabarani nikipunga mikono yote miwili mpaka dereva akazima.

"Nini, mama?"

"Kisu kinatoka. Tazama chini."

Alishuka, akalala tumbo akachungulia chini ya bati. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika. Nati ilikuwa imekaribia kutoka. Bolti ilikuwa imebaki na nyuzi moja au mbili tu za kushikilia. "Mungu wangu," alisema, akawatazama wale wanawake na vikapu vyao.

Meneja alikuwa karibu, akaja na gari lake. Dereva akamweleza, na meneja akanigeukia. Hakuwa na hasira.

"Nani nafundisha wewe kusikia hii maneno?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini moyo ulikuwa bado unanienda mbio, na niliona kama ni heshima yetu. Nikasema, "Bwana wangu. Yeye ndiye fundi wa visu."

"Bwana yako iko fundi mzuri sana," alisema. "Ingia gari. Mimi nataka ambia yeye."

Tulipofika gereji injini ya jiwe ilikuwa imezimwa na mafundi wengine walikuwa wamekwenda kunywa chai. Mume wangu alikuwa ametupa mgongo, anapaka visu vya akiba grisi visipate kutu. Meneja akamwita kutoka mlangoni. Akamwita tena, kwa nguvu, akicheka kidogo. Mimi nilikuwa nyuma yake na sikuweza kupita. Mara ya tatu hakucheka. Akachukua spana iliyokuwa mezani, akaiangusha kwenye sakafu ya saruji, na mume wangu akaendelea kupaka grisi taratibu, kwa uangalifu, mpaka kivuli chetu kilipomfikia.

Akageuka akatabasamu kwanza. Kisha akaniona usoni.

Meneja hakutufukuza siku hiyo. Alisema mtu asiyesikia hawezi kukaa penye mashine, ataua mtu au atajiua. Alimpeleka bustani ya miche kung'oa magugu, na visu akapewa kijana aliyetoka Londiani. Msimu ulipopungua, waliopunguzwa walitajwa, na yeye alikuwa mmoja wao. Mimi niliambiwa nabaki kama nataka, lakini katika nyumba ya wanawake wasio na waume. Nikafunga mizigo yetu.

Tulirudi kwao Merigi kwa lori la mahindi. Mama mkwe alitupokea uani, akambeba binti yetu, akamshika mwanawe mabegani.

"Mwanangu, mmesafiri salama?"

"Ng'ombe wanaonekana wazuri," mume wangu alijibu.

Ndugu zake wakacheka. Wakadhani amerudi na utani wa mashambani. Mmoja akamuuliza habari za Kericho, naye akajibu kwamba hana njaa, wakacheka zaidi, wakampiga mgongo, na yeye akacheka nao akiwatazama midomo. Mama yake alikuwa na furaha sana. Alikwenda kuleta maziwa huku akiimba.

Nikawaacha wacheke. Kesho yake asubuhi, mume wangu alipokuwa amekwenda mtoni kuoga, niliwakalisha wote nikawaambia kwamba hasikii.