Afande Likizoni

Shemeji yangu alilinda geti la ghala la nafaka maisha yake yote ya kazi, na hakuna gunia lililotoka pale bila yeye kujua. Sasa amestaafu. Geti limepata mtu mwingine, ila yeye ni kama hajaambiwa, au aliambiwa akadhani ni utani. Nyumbani kwake mgeni akibisha hodi huulizwa anatoka wapi, anakwenda kwa nani na ndani ya mfuko amebeba nini. Mimi ni mdogo wa mke wake, naingia nyumba ile kila wiki, na bado nimewahi kusubirishwa kibarazani eti mpaka mwenyeji aulizwe. Mwenyeji ni dada yangu, na alikuwa dirishani ananicheka.

Mtaa mzima unamwita Afande. Dada peke yake hajawahi kumwita hivyo. Kwake ni "baba watoto", hata siku anazomnunia, na siku hizo si haba.

Sebuleni kwao imetundikwa picha ya harusi. Bibi harusi anatazama kamera, amependeza utadhani si dada yangu. Bwana harusi anatazama pembeni. Kisa? Kuna mlango wa ukumbi uliachwa wazi. Picha zilizofuata ni hivyo hivyo: watoto wanakua, mke ananenepa, na Afande anatazama mlango.

Basi binti yao, mwenye kazi nzuri na moyo mzuri zaidi, akawalipia likizo ya utamaduni katika jiji kubwa: makumbusho, maigizo, mambo ya watu waliostaarabika. Mimi nikachukuliwa niwasomee ramani. Siku moja kabla ya safari, dada alisema akiwa anamimina chai.

"Baba watoto, mimi sitaki zawadi. Nataka ukae pembeni yangu mara moja tu, tutazame kitu kimoja sote wawili mpaka kiishe."

"Hilo tu?"

"Hilo tu. Usiku wako wote ulikuwa wa ghala. Mimi nililala na redio."

"Nimekubali," Afande akasema, na alisema kwa dhati. Mtu huyu hajui kudanganya, jambo linalofanya iwe vigumu kumchukia ipasavyo.

Makumbusho yalikuwa jengo lenye ngazi pana, na ndani kulikuwa na vyungu, viti vya wakubwa wa zamani na ngoma zisizopigwa tena. Dada alivaa miwani akaanza kusoma kila kibandiko kwa sauti, kama mtu mwenye mtihani kesho. Afande naye alitazama kwa makini: milango miwili, dirisha lisilofunga sawasawa, na mlinzi aliyesinzia kwenye kiti cha plastiki. Utamaduni kwake uliishia hapo.

Alimwendea yule mlinzi, akakohoa.

"Mwenzangu, chumba kina watu."

"Nawaona, mzee."

"Kwa macho yapi?"

Mlinzi aliinuka kwa aibu, akasema anakwenda kunywa maji, na hatukumwona tena. Lindo likabaki wazi. Shemeji yangu akasogea mlangoni, mikono nyuma, shati lake la buluu limenyooshwa na viatu vinang'aa, hata mimi ningemuuliza choo kiko wapi. Watu wakamuuliza. Akawaelekeza vizuri sana, maana alishakwenda kukikagua. Mwalimu mmoja alimwomba ruhusa ya kuingiza wanafunzi, akawapanga mstari. Mbavu zangu zilikuwa hazina hali kwa kucheka.

Kisha dada akainamia chungu kimoja ili asome vizuri, mguu wake ukavuka kamba ya kuzuia watazamaji.

"Mama, tafadhali," ikaja sauti kutoka mlangoni, sauti ya adabu, ya kikazi. "Rudi nyuma ya kamba."

Dada akageuka. Afande alikuwa anamtazama usoni, wala hakumtambua. Alimwona mgeni aliyesogelea vitu, basi. Ilimchukua muda kabla uso wake haujabadilika.

"Sawa, mzee," dada akasema, akarudi nyuma ya kamba. Vibandiko vilivyobaki hakuvisoma. Mimi pia sikucheka tena.

"Ni mazoea," Afande alimwambia tulipokuwa tunakula.

"Najua. Mchezo unaanza alasiri. Utakaa?"

"Nitakaa."

Ukumbi wa maigizo ulikuwa na viti vyekundu vya kukunja. Afande aliomba kiti cha mwisho wa safu, kwa ajili ya magoti, alisema. Magoti hayo yalikuwa mazima tangu asubuhi. Dada alikaa katikati yetu, amejipaka manukato, mkono wake juu ya mkono wa mumewe. Taa zikazimwa. Wazee wawili jukwaani wakaanza kubishana kama wauze nyumba yao au wasiuze, watu wakacheka, na Afande, nisimsingizie, akacheka pia.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe, mwanga ukaingia.

Niliona shingo yake ikigeuka. Akairudisha. Ikageuka tena.

"Naufunga tu, narudi," akanong'ona.

Dada alimshika shati. Kisha akaliachia.

Kitasa, bila shaka, kilikuwa kibovu, na mlango ulihitaji mtu wa kuushikilia. Akaushikilia. Jukwaani wazee waliuza nyumba, wakafungasha vyombo, watu wakaacha kucheka. Dada aliweka mkoba wake kwenye kiti kitupu, akautazama mchezo mpaka mwisho.

Wakati wa kutoka, Afande alikuwa ameushika mlango wazi, na kila anayepita akamwambia, "Asante, afande." Alifurahi, ilionekana. Tukafika sisi.

"Mchezo ulihusu nini?" dada akamuuliza.

"Sikuuona vizuri," akasema. Halafu kwa upole, "Lakini nilikuona ulipolia."

Dada aliupachika mkoba wake begani.

"Asante, afande," akasema, akapita.

Afande alipiga hatua moja kumfuata. Lakini nyuma yangu watu walikuwa bado wanatoka, na mlango ule ule uliokataa kufungika sasa ulikuwa umeanza kujifunga. Akarudi kuushika.